Jinsi ya kupunguza ugaidi pale mlipo bila kumgeuza kila mtu mshukiwa

Watu wakisikia vita dhidi ya ugaidi akili inakimbilia makomandoo, droni na vifaru, mwananchi wa kawaida anajiona hana kazi hapo zaidi ya kufungua begi getini na kumwomba Mungu. Kiukweli iko tofauti. Mwaka 2008 taasisi ya utafiti ya RAND ya Marekani ilipitia vikundi 648 vya kigaidi vilivyokuwepo kati ya 1968 na 2006, ikaangalia vile vilivyokufa vilikufaje, ikakuta asilimia 43 viliingia kwenye siasa, yaani walikaa mezani wakaweka silaha chini, asilimia 40 vilimalizwa na polisi na watu wa usalama, jeshi likaambulia asilimia 7. Saba! Na polisi hawaoteshwi usiku, habari wanapewa na watu, mama aliyeona mwanae kabadilika, karani wa godauni, jirani, mlinzi wa mlangoni. Kwa hiyo hapa naongelea kitu kimoja tu, jinsi ya kufanya hizo habari zitoke kwa mtu wa kawaida zifike kwa wakati, na jinsi ya kutoziua njiani, maana kuziua ni rahisi kuliko mnavyodhani.

Kwanza jua gaidi anataka wewe ufanye nini

Kikundi cha watu mia mbili hakiwezi kuipiga serikali ikaanguka na wenyewe wanajua. Kinachotafutwa ni wewe upaniki. Serikali ikamate watu ovyo, dini nzima au kabila zima lianze kuangaliwa kama wachafu, halafu wale waliokuwa katikati, ambao gaidi hawamtaki wala nini, waanze kuona heri yeye kuliko nyie. Ukielewa hapo utaelewa kwa nini hatua nyingi zinazoonekana kali kwenye TV ni zawadi kwake.

Mfano Ireland Kaskazini. Agosti 1971 wanajeshi wa Uingereza walivamia majumba alfajiri wakakamata watu 342 kwa mpigo, bila kesi, kwa orodha zilizojaa majina ya zamani na watu wasiohusika, na hakuna hata mmoja aliyetoka kwenye vikundi vya upande wa Waprotestanti ingawa navyo vilikuwa vinaua. Matokeo yake IRA, kikundi cha silaha cha upande wa Wakatoliki kilichokuwa kinapigana na Uingereza, wakapata vijana mpaka wakachagua, na 1972 ukawa mwaka uliomwaga damu kuliko yote kwenye ule mgogoro wa miaka 30. Ukaisha lini? Aprili 1998, mezani. Nairobi nako Aprili 2014 baada ya milipuko kadhaa watu kwa maelfu walizolewa, wengi Wasomali wa mtaa wa Eastleigh, wakajazwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa vitambulisho, na mwaka mmoja baadaye bado chuo kikuu cha Garissa kikashambuliwa wakafa watu 148. Sasa jiulize, yule mzee wa Eastleigh aliyelala Kasarani na mkewe, siku akiona wageni wasioeleweka wanapanga chumba jengo la jirani atampigia nani?

UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2017 walitoa ripoti baada ya kuhoji mamia ya watu waliowahi kujiunga na vikundi hivi Afrika. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni kitendo cha serikali, kama ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Sio kwamba ndio sababu pekee, manung'uniko yalikuwepo tangu zamani, ila hapo ndipo mtu aliposema basi.

Kwa vitendo maana yake ni hii: kamata kwa jina na kwa ushahidi, sio kwa mtaa. Familia iambiwe siku hiyohiyo mtu wao yuko wapi. Aliyekamatwa kimakosa aachiwe na aombwe radhi mbele za watu, kama alivyokamatwa mbele za watu. Kesi iende mahakama ya kawaida hata kama inauma, Norway walimshitaki yule aliyeua watu 77 Julai 2011 mahakamani kama mhalifu mwingine yeyote, akapewa mwanasheria, akahukumiwa, nchi haikubomoka.

Nyumbani: kumshtukia mtu mapema

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza tupa hizi alama za kijinga. Kufuga ndevu sio alama, kuvaa hijabu sio alama, kuanza kusali sana au kuacha pombe sio alama, wapo mamilioni wamefanya hivyo na wamekuwa watu wazuri zaidi. Na msidhani ni mambo ya dini moja, yule wa Norway alikuwa anawachukia Waislamu na wahamiaji, aliyeua watu 51 misikitini Christchurch, New Zealand, mwaka 2019 hivyohivyo. Pia achaneni na ile imani kwamba ni watoto wa maskini tu. Mmoja wa waliofanya Garissa alikuwa msomi wa sheria chuo kikuu, baba yake chifu, na huyo baba alikuwa ameshatoa taarifa kwamba kijana wake amepotea na anahofia amevuka kwenda Somalia. Yaani mzazi alishafanya kazi yake.

Cha kuangalia ni mabadiliko yanayokuja kwa pamoja na kwa haraka. Kijana anakata marafiki wote wa zamani ndani ya wiki chache. Anaongea kwa sentensi za kukariri, ukimuuliza swali dogo pembeni anarudia ileile. Dunia yake imekuwa na watu wa aina mbili, sisi na wao, na wao hawana jina tena, ni najisi, ni wadudu, ni wasaliti. Anawasifia waliofanya mauaji na kusema waliokufa walistahili. Ana laini mpya na grupu ambazo ukiingia chumbani simu inageuzwa kifudifudi. Anauza vitu vyake, analipa madeni ya zamani, anaomba watu msamaha kama anaaga. Amepata kazi nje ya nchi, mshahara mnono, hajui jina la kampuni na nauli analipiwa na mtu hajawahi kumuona. Kimoja peke yake hakina maana, vijana ndio walivyo, wanaweza kuwa ni mapenzi au kamari. Vikija vinne vitano pamoja, usingoje cha sita.

Sasa unaongea naye vipi. Kosa la wazazi wengi ni kuanza na mabishano ya dini au siasa, hapo umeshapigwa, maana huyo kijana amefundishwa majibu ya kila unachotaka kusema, na aliyemfundisha alishamwambia kwamba wazazi wako watakupinga, kwa hiyo ukimpinga umethibitisha unabii. Anza na yeye mwenyewe. Badala ya "umeanza ujinga wako wa kwenye simu," mwambie "naona siku hizi huli na sisi, kuna nini?" halafu nyamaza, acha aongee, hata kama ni upuuzi. Mara nyingi chini yake kuna kitu cha kawaida kabisa, kafukuzwa kazi, kapigwa na polisi, anaona haya, au kaahidiwa heshima ambayo nyumbani hapewi. Wanaovuta vijana ni wazuri sana kwenye kusikiliza, ndio silaha yao kubwa, wanamsikiliza dogo saa tatu usiku kila siku wakati baba ana wiki hajamuuliza habari za leo.

Usimnyang'anye simu siku ya kwanza, atapata nyingine na wewe utabaki hujui kinachoendelea. Usimfukuze nyumbani, ukimfukuza unajua anaenda wapi. Tafuta mtu anayemheshimu, anaweza kuwa mjomba, kocha wa mpira, mwalimu wa zamani, shehe au mchungaji anayejua kweli maandiko na sio wa kufoka tu. Lakini kuna mstari hapa na nauandika wazi: akitaja siku, mahali au watu atakaowadhuru, ukikuta silaha au vitu vya kutengenezea mlipuko, au tiketi ya kwenda anakoitwa iko mkononi, mambo ya mjomba yameisha, piga polisi saa hiyohiyo. Najua inauma kumripoti mwanao, ila mzazi anayewahi anaweza kumtembelea mwanae rumande, anayechelewa anaitwa kutambua mwili.

Ndio maana nasema serikali ziweke mlango mwingine mbali na polisi. Ujerumani tangu 2012 wana namba ya simu ya wazazi na walimu iliyo chini ya ofisi ya uhamiaji na wakimbizi, unapiga unaongea na mshauri, hakuna difenda inayokuja kuvunja mlango kesho yake. Denmark kwenye mji wa Aarhus polisi na manispaa walikaa pamoja. Mwaka 2013 takriban watu 30 walitoka mji huo kwenda Syria. Waliorudi na hawana kesi walipewa mtu wa kuwasindikiza, wakasaidiwa shule, kazi na nyumba, na polisi wakaenda kuongea na msikiti waliokuwa wanasali badala ya kuufunga. Mwaka uliofuata walioondoka wakawa wa kuhesabika kwa vidole. Watu walipiga kelele kwamba mnawabembeleza magaidi. Mimi naona ni bei rahisi kuliko mazishi.

Kazini: ukiona kitu, kisemwe vipi

Mwaka 2004 kuna godauni la kupangisha vyumba vya kuhifadhia mizigo huko Hanwell, magharibi mwa London. Mfanyakazi mmoja akashangaa mteja kaweka kilo 600 za mbolea, anasema ni ya bustani. Kilo 600, bustani gani hiyo? Akapiga polisi. Polisi hawakuja na ving'ora, walibadilisha ile mbolea kwa kitu kisicho na madhara, wakaweka kamera na askari wa kike akajifanya mhudumu wa mapokezi, wakasubiri mtandao mzima ujianike. Watu watano walifungwa maisha 2007. Ile mbolea imejulikana kwa swali la mtu wa kaunta ambaye hakuwa na mafunzo yoyote ya ujasusi, alikuwa anajua tu wateja wa kawaida wakoje.

Sasa linganisha na Manchester, 22 Mei 2017, watoto wanatoka kwenye shoo. Mzazi mmoja anayesubiri nje ya ukumbi akamuona kijana kajibanza na begi kubwa zito mgongoni, akamfuata akamuuliza una nini humo, hakupata jibu la kueleweka, akaenda kumwambia mlinzi. Hapo ni kama robo saa kabla. Mlinzi hakuwa na redio na haruhusiwi kuacha mlango wake. Akampa habari mwenzake mwenye miaka 18, huyo akajaribu redio haikushika, na baadaye alisema aliogopa akikosea ataitwa mbaguzi wa rangi. Saa 4 na dakika 31 usiku begi likalipuka, watu 22 wakafa. Taarifa ilikuwepo, ilitembea mdomo kwa mdomo ikafia kwa vijana wawili wenye ujira mdogo ambao hakuna aliyewapa chombo wala mamlaka.

Kwa hiyo wewe mwenye ukumbi, shule, kanisa, msikiti, stendi, hebu jaribu leo: muulize mlinzi wako wa mlango wa nyuma ukiona mtu na begi la ajabu unafanya nini. Akianza kung'aa macho basi huna ulinzi, una sare. Kila mlinzi awe na redio inayofanya kazi, ajue anampigia nani kwa jina, na aruhusiwe kusimamisha watu bila kuogopa kufukuzwa kazi akikosea kwa nia njema. Hii ya kupapasa mabegi juu juu mlangoni huku foleni ndefu imejaa nje naona ni maigizo, tena foleni yenyewe inakuwa shabaha. Heri walinzi wawili wanaozunguka wakisalimia watu, maana mwenye jambo lake hapendi kusalimiwa.

Na wewe unayetoa taarifa, sema ulichoona usiseme unachodhani. "Kuna Msomali anatisha" haimsaidii mtu na inaudhi. "Mwanaume, koti jeusi, begi zito mpaka kainama, yuko juu ya ngazi za kushoto dakika 20, nimemuuliza anamsubiri nani hajajibu" hiyo polisi anaifanyia kazi. Jipime hivi, ungeshtuka kama mtu huyo angekuwa wa kabila lako na dini yako? Kama ndio, piga.

Pesa, kwa kifupi

Mashambulizi ni rahisi kifedha, tume ya Marekani ilikadiria mashambulizi yote ya Septemba 11, 2001 huko Marekani yaligharimu dola 400,000 hadi 500,000, na mengi ya siku hizi hayafiki hata robo ya robo. Kwa hiyo usitegemee benki peke yake imnase mtu. Ila ukichangia misaada uliza inaenda wapi, nani anasaini, kuna picha na risiti za mwaka jana? Anayekasirika kuulizwa usimpe. Na serikali zisifunge njia zote za kutumiana pesa kisa ugaidi, familia zinazoishi kwa hela ya ndugu aliye nje zikikatwa mnatengeneza njaa na hasira pale ambapo havikuwepo.

Siku ikitokea

Kanuni inayofundishwa Uingereza ni kimbia, jifiche, toa taarifa, kwa mpangilio huo. Kuna njia ya kutoka, toka, acha mizigo, usibaki kumshawishi anayegoma. Hakuna njia, ingia chumba chenye mlango mgumu, funga, sukuma meza, kaeni mbali na mlango, simu ziwe kimya mpaka mtetemo uzimwe. Ukiwa salama ndio upige. Askari wakifika mikono juu, vidole wazi, usiwakimbilie, hawajui wewe ni nani.

Usirudi kushangaa. Bali, Indonesia, Oktoba 2002 mlipuko wa kwanza ulikuwa ndani ya baa, watu wakamiminika barabarani, na huko barabarani ndiko gari lenye bomu kubwa lilikuwa linawasubiri. Walikufa watu 202.

Anayetoka damu nyingi hasubiri ambulensi. Bonyeza jeraha kwa nguvu zote na kitambaa, usichungulie chungulie. Kama ni mkono au mguu na damu inaruka, funga mshipi juu ya jeraha kuelekea mwilini, weka kijiti, zungusha mpaka damu ikate, itamuuma atapiga kelele, endelea, andika saa uliyofunga na usilegeze mpaka daktari. Boston mwaka 2013 kwenye mbio za marathoni watu wa kawaida waliokuwa pale walishika majeraha na kufunga miguu ya wenzao kwa mikanda na nguo, na kila majeruhi aliyefikishwa hospitali akiwa hai alipona. Semina ya nusu siku inatosha kufundisha hili, ifanyike mashuleni na makazini.

Halafu simu yako. Hiyohiyo Boston watu wa mtandaoni walijifanya wapelelezi wakamtangaza kijana mmoja mwanafunzi kuwa ndiye, familia yake ikatukanwa, kumbe alishafariki kabla na hakuhusika kabisa. Ukiwa na picha wape polisi, usiposti. Christchurch muuaji alirusha laivu kwa dakika 17, Facebook walisema waliotazama laivu hawakufika 200 na hakuna hata mmoja aliyeripoti wakati inaendelea, ripoti ya kwanza ilikuja dakika 12 baada ya kuisha. Halafu ndani ya saa 24 wakafuta kopi milioni moja na nusu. Yaani walioona hawakuripoti, waliopata baadaye wakaforwadi. Ikikufikia, ripoti, futa, aliyekutumia mwambie asirudie. Waziri mkuu wa New Zealand wakati huo, Jacinda Ardern, alikataa kulitaja jina la muuaji, nanyi mnaweza, mbona mimi hapa sijamtaja na habari mmeielewa.

Wiki zinazofuata

Hapa jamii nyingi zinaharibu. Watu wameumia, wanatafuta wa kumpiga, na jirani wa dini ile yuko karibu. Viongozi wa dini zote waonekane pamoja siku ya kwanza, sio baada ya wiki, wapite misibani na hospitali. Polisi waweke ulinzi pia pale ambapo watu wa kundi linalolaumiwa wanasali. Desemba 2015 karibu na Mandera, Kenya, wenye silaha walisimamisha basi wakataka abiria Wakristo watengwe, abiria Waislamu wakagoma, wakawavalisha wenzao hijabu, wakawaambia tuueni wote au mtuache. Washambuliaji wakaondoka. Lile basi halikuwa na askari ndani wakati huo, lilikuwa na watu ambao hawakukubali kugawanywa.

Na kwa viongozi wa serikali za mitaa na polisi, kazi yenu ya kwanza ni ndogo na haina bajeti. Chukueni simu ya kawaida, isiwe ya ofisi, pigeni ile namba mliyobandika ukutani ya kutoa taarifa, saa nane usiku. Angalieni inapokelewa baada ya muda gani, anayepokea anauliza jina lako kwanza au anauliza umeona nini, anaandika au anasema njoo kituoni, na kesho yake mfuatilie hiyo taarifa imefika meza gani. Kabla ya Septemba 11 CIA, majasusi wa Marekani, ilikuwa inajua wawili kati ya wale washambuliaji 19 na FBI, wapelelezi wa ndani ya nchi hiyo, haikuambiwa mapema, kwa hiyo msione aibu mkikuta yenu imelala kwenye daftari la zamu, ila msiiache ilale usiku wa pili.